Nilikataa Kuwa Neksti Yako

Mzee wangu, Baba Chepkoech,

Ulikosea, na kufa hakujakutoa makosani. Mtu akikosea neno mbele yako, na wewe unalijua, unamwambia. Humcheki mpaka kofia yako inaanguka kwenye majivu, halafu unaandika jina la mtu mwingine.

Unaikumbuka siku hiyo, usijifanye. Ulirudi kutoka kituo cha majani chai, mahali ulikuwa karani wa mizani, na fomu ndani ya koti. Mimi nasonga ugali. Ukasema, "Mama, kiwanda kinataka neksti ofu kini."

"Kinataka nini?"

"Neksti. Wangu, wa kuitwa siku nikifa."

Hiyo neksti niliijua, tena kutoka kwa mdomo wako. Tulikuwa tunasimama foleni wanawake wengi, vikapu mgongoni, mvua ya mchana inatuchapa, na wewe umekaa mkavu chini ya mabati unaita, "Neksti!" Hata mimi mke wako hukuniita jina. Tena kikapu changu ndicho ulikipekua zaidi, ukitupa majani magumu, ili watu wasiseme unanipendelea. Nilirudi nyumbani na hasira, lakini nilijivuna pia. Hakuna mtu aliweza kusema wewe ni mwizi.

Kwa hivyo nilijua neksti ni anayefuata. Sasa umeniletea karatasi ya mambo ya kifo, unataka kuniandika mimi ndiye ninafuata?

"Nifuate wapi, kaburini?" nikakuambia. "Andika ndugu yako Joeli. Yeye ndiye ana haraka kila siku."

Ulicheka mpaka ukakohoa. "Haya, Joeli awe neksti." Ukaandika, ukala ugali, ukalala.

Ulipougua kifua, tukakupeleka hospitali. Daktari akatoka na faili, ile fomu ya kiwanda ikiwa ndani, akauliza neksti ni nani. Joeli akasimama. Mimi niliyekushika kwapani usiku na mchana nikabaki kwenye benchi na kibuyu cha maziwa yako ya mursik. Uliondoka hiyo siku. Nikimuuliza Joeli ulisema nini mwishoni, ananijibu, "Shemeji, hayo yalikuwa ya wanaume."

Si hayo tu. Sasa anatembea na nakala ya hiyo fomu mfukoni kama kitambulisho. Anasema shamba nalo linamfuata neksti. "Umezeeka, shemeji. Hamia Silibwet kwa binti yako, unywe chai ya kupikiwa." Ng'ombe wake wawili wako ndani ya boma letu tayari. Nikiwafungulia, anawarudisha.

Tangu tuvune mahindi sijavuka geti. Nikitoka asubuhi, jioni nitakuta kufuli ya Joeli mlangoni. Kanisani siendi. Chumvi naletewa na jirani. Nimekuwa ng'ombe wa kamba: nikienda huku kamba inaishia kwenye ua, nikienda kule inaishia kwenye majani chai. Na majani yenyewe yamepanda mpaka kifuani, maana nikichuma, nani atapeleka kwa mizani? Wajukuu wakija wanasema, "Kogo, twende kwetu upumzike." Nawagombeza. Nikipumzika siku moja, watakuwa hawana kwa kogo tena.

Jumamosi Chepkoech alikuja na kamusi yake ya shule, ile nene. Nikamwambia anisomee hilo neno lililonifunga.

"Mama, neksti ni anayefuata, ndiyo," akasema. "Lakini zamani Waingereza walipanga hivi: karibu, karibu zaidi, halafu neksti, yaani karibu kuliko wote. Hata neno lao la jirani limetoka hapo hapo. Na hii ya kwenye fomu ndiyo ile ya zamani. Ni wa damu yako au wa nyumba yako aliye karibu kuliko wote."

"Si anayefuata kufa?"

"Mama! Nani alikuambia hivyo?"

Nilitoka nje nikasimama kwa majani chai. Kumbe hata kwenye foleni yako, neksti alikuwa yule amekaribia meza. Miaka yote tuliyokaa, hukuwahi kuniambia neno la namna hiyo kwa Kipsigis wala kwa Kiswahili. Siku moja ukaniambia kwa Kizungu, na mimi nikakupa jina la Joeli. Ungenieleza, mzee! Ungesema tu, "Wewe mwanamke mjinga, ni wewe uko karibu nami." Ningekutukana kidogo, halafu ningekubali.

Sitaki kulia kwa karatasi, wino utaharibika.

Chepkoech amemwona chifu. Chifu amesema fomu ya kiwanda haigawi shamba la mtu, lakini hawezi kuandika barua kabla mjane mwenyewe hajafika, pamoja na wazee wawili walioona ndoa yetu. Tutaenda Alhamisi. Chepkoech lazima aende na mimi kunisomea Kizungu, maana sitakubali wala kukataa tena neno nisilolijua. Jirani anamwogopa Joeli. Nyumba itabaki bila mtu.

Kwa hivyo nisikize. Tulikuzika hapo kando ya geti, na tangu siku hiyo hujanifanyia kazi yoyote. Alhamisi asubuhi nikishatoka, amka. Joeli akigusa hilo geti, mfukuze, na ng'ombe wake aondoke nao.

Mke wako,
Mama Chepkoech