Ng'ombe Niliowaua Darasani

Mjukuu wangu Paulina,

Marahaba, maana najua umeniamkia. Huku Bashay tu wazima. Mama yako anavuna maharage, na goti langu linanisumbua kidogo tu. Umeuliza umfanyeje mtoto asiyejibu darasani. Hee! Na mimi nilimpata mmoja wa hivyo.

Zamani, kabla Manyara haijawa mkoa, nilikuwa mwalimu mpya kule Gendabi. Chuoni tulifundishwa kuanzia na kile mtoto anachokijua. Basi nikamuuliza binti mmoja wa wafugaji, "Baba yako ana ng'ombe kumi. Wanne wamekufa. Wamebaki wangapi?" Akanyamaza. Wiki nzima nilimuuliza hivyo hivyo, akanyamaza. Nikaandika kwenye daftari langu, mbele ya jina lake: mzito.

Jioni moja nikaenda kwao kumshtaki. Mama yake akanikazia macho. "Mwalimu, sisi ng'ombe hatuwahesabu, ni mkosi. Na wewe umewaua mbele ya watoto!"

Nilikosa pa kuweka uso. Wakati huo huo mifugo ikaanza kuingia zizini, mingi kweli. Yule binti akaitazama mara moja tu, akasema, "Mwekundu mwenye pembe moja hajarudi." Wakatafuta zizi zima. Hakuwepo!

Kesho yake nikamuuliza hesabu ileile kwa magunzi ya mahindi. Akajibu kabla sijaweka chaki chini.

Paulina, nilifuta lile neno kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka. Daftari ninalo bado. Mbele ya jina lake pana tundu.

Ni mimi, bibi yako.