Simu Ndani ya Sanduku la Vitenge

Ntobeye, 9 Februari 2025

Mdogo wangu Leonsia,

Pokea salamu za hapa nyumbani. Sisi wazima, ila kifua cha shemeji yako Marcel bado kinamsumbua. Hofu ni kwako na hilo banda lako la chakula huko Nyakanazi.

Usishangae kupata karatasi. Ile simu ya tachi uliyotuletea Krismasi, anayeijua ni mwanao Irambona peke yake, na nikimwomba aniandikie ujumbe atajua ninachosema. Kwa hiyo barua nimempa Ngassa, kondakta wa Hiace. Angalia kama gundi iko sawa.

Leonsia, mtoto ana jambo. Tangu shule ifunguliwe anakula matonge mawili anasukuma sahani. Simu anaingia nayo mpaka chooni. Ikilia anashtuka, akimaliza kusoma macho mekundu. Nikimuuliza, anasema hakuna kitu, mama mkubwa. Mimi nakwambia kuna mtu mzima anamchezea. Miaka kumi na minne, kidato cha pili! Labda ni mmoja wa madereva wako wa malori. Sema neno.

Dada yako,
Speciosa

Nyakanazi, 13 Februari 2025

Dada, shikamoo.

Mimi mzima, miguu tu inavimba kwa kusimama. Bahasha imefika imefungwa, ila Ngassa alinitazama sana, sijui kwa nini.

Madereva wangu wanakula wali na kuondoka. Huyo mtu mtafute huko huko. Na kwa nini unaniambia leo, wakati shule imefunguliwa mwezi mzima sasa? Mnyang'anye simu. Ifungie kwenye sanduku lako la vitenge, ufunguo ulale nao.

Na usinisemee vibaya kwake, dada, maana mdomo wako naujua. Ukimwambia mama yake amemtupa kwa ajili ya sufuria za maharage, atalia hata bila simu.

Mdogo wako,
Leonsia

Ntobeye, 22 Februari 2025

Marahaba, mdogo wangu. Pole na miguu, iloweke kwenye maji ya chumvi.

Simu nimeifungia Jumapili baada ya misa. Nilijiandaa kwa ugomvi. Hakugomba. Alisema, "Afadhali."

Nikadhani tumemaliza. Kumbe. Jumatano akakataa shule. Nilimkuta nyuma ya nyumba na mkasi, anakatakata lile vazi la kwetu la kufunga begani alilovaa Desemba kwenye posa ya binamu yake Zita. Vipande vidogo vidogo. Nikamuuliza nani kamkosea. Akasema, "Nataka nisiwepo."

Neno hilo limenikaa kifuani, Leonsia. Tangu siku hiyo nalala naye chumba kimoja, na dawa ya panya nimeitoa ndani ya nyumba. Nilisema nikuite, akasema ukija ataondoka yeye. Kwa hiyo subiri kidogo. Lakini bado nasema kuna mtu.

Dada yako,
Speciosa

Nyakanazi, 25 Februari 2025

Dada,

Salamu leo sina. Nimeisoma barua yako mara tatu.

Mtoto wa kike hakati nguo yake bure. Simu umeifungia, na hofu yake bado ipo. Basi anayemtesa hayumo kwenye simu, yumo humo ndani mnamolala. Nyumba yako ina mwanaume mmoja. Jina silitaji, unalijua. Nawe unaniambia nisije. Kwa nini nisije? Unamficha nani?

Leonsia

Ntobeye, 9 Machi 2025

Leonsia,

Barua yako ilifika miwani yangu ikiwa kwa fundi, kwa hiyo aliyenisomea ni Marcel. Alisoma mpaka mwisho, akaikunja, akaiweka mezani. Tangu siku hiyo analala kwa kaka yake.

Hakuna mwanaume. Hata huyo niliyekuwa namtafuta mimi hayupo, na hilo naona aibu. Irambona nilimpeleka kwa Mwalimu Bonifasia, anayewashauri watoto shuleni. Walikaa jioni tatu wakichambua maharage, hamna anayemtazama mwenzake usoni, ndipo akasema.

Ile picha yake ya kwenye posa, na lile vazi, kikapu kichwani, uliiweka kwenye stetasi yako mwezi wa kwanza na maneno ya Kirundi chini. Mama wa mwanafunzi mwenzake ana namba yako. Picha ikaingia kwenye grupu la darasa. Shuleni wote walijua Irambona ni Mhangaza, mwenyeji wa hapa, si mtu wa kutoka ng'ambo ya mpaka, kama wewe na mimi tulivyomfundisha aseme tangu chekechea. Sasa wanamwita mkimbizi. Kila siku, wanamuuliza lori la kumrudisha kwao linaondoka lini.

Hakukwambia kwa sababu ulimpigia siku ile ukicheka, ukamwambia watu mia wameitazama. Kwa Mwalimu alisema hivi: "Mama alinifundisha kujificha, halafu akanitoa nje yeye mwenyewe."

Mwalimu amewaita wazazi wa wale watoto. Jumanne tunakwenda hospitali kuonana na mtaalamu wa mambo ya akili. Mtoto amekubali.

Speciosa

Nyakanazi, 12 Machi 2025

Dada, shikamoo, kama utaiitikia.

Picha nimeifuta, na najua haifutiki tena. Niliiweka kwa sababu alipendeza. Miaka kumi nimekaa hapa Nyakanazi najiita Mhangaza, na siku ile nikasahau, nikataka watu waone mwanangu alivyo mzuri kwa nguo zetu. Mimi nilijisikia huru dakika moja, na mtoto ndiye anayelipa. Mjinga mimi. Nilikuwa namhisi Ngassa, wewe, mpaka shemeji aliyemlea. Sikujihisi mimi.

Banda nimelifunga. Jumamosi nakuja, na simu yangu naiacha hapa. Shemeji nitampigia magoti huko huko kwa kaka yake. Irambona mwambie hatanisikia nikimlazimisha chochote. Kama hataki kuniona, nitakaa jikoni kwako nimenye ndizi mpaka atakapotaka.

Mdogo wako,
Leonsia

Ntobeye, 14 Machi 2025

Marahaba.

Mtaalamu amempa siku ya kurudi, na ataenda. Barua yako nimemsomea yote, hata ulipojitukana. Marcel bado hajarudi, na hilo utalibeba mwenyewe.

Leo asubuhi Irambona akikoroga uji ameniuliza Hiace ya kutoka Nyakanazi huwa inafika saa ngapi. Nimemwambia saa nane. Usichelewe.

Dada yako,
Speciosa