Mama Amepumzika

Jumatano, tarehe 9 Julai

Mpendwa Mama Sikio,

Pokea salamu zangu, na naomba unisaidie kwa jambo ambalo ukilisikia mwanzo utacheka, hata mimi nikiwa peke yangu hucheka, lakini limenitenga na mtu ninayempenda na sasa sijui nishike lipi niache lipi.

Mimi ni fundi wa nguo, nimekaa kwenye cherehani tangu nikiwa msichana, na kazi hiyo imenilisha na kunisomeshea binti yangu, lakini ilinichukulia mgongo, ukawa mgumu kama ubao, hata pini ikianguka ilikuwa lazima nimwite mtu aniokotee. Mume wangu alijua. Kila Jumapili mchana alikuwa akiweka kigoda mlangoni penye mwanga, ananiambia, "Lete hiyo miguu, fundi," naye ananikata kucha za miguu, polepole, huku akinitania kwamba kidole changu kidogo kina kiburi kwa sababu kimewapa wenzake mgongo, na akimaliza anapiga chafya, sijui kwa nini, alikuwa akipiga chafya kila akimaliza kazi yoyote. Mwaka jana alifariki. Watu walinisaidia sana, Mungu awalipe, walileta chakula, walikaa nami, lakini Mama Sikio, hakuna aliyejua habari ya kucha, na mimi niliona haya kumwambia hata binti yangu, nikawa navaa viatu vya kufunika hata kwenye joto.

Hapo ndipo nilipoanza yoga. Binti yangu aliniwekea video kwenye simu aliyoiacha baba yake, akaniambia, "Mama, fanya hizi, ni kujinyoosha tu." Naiegemeza simu kwenye pasi, natandika mkeka sebuleni baada ya kazi, na mwalimu wa kwenye video ni dada mmoja anayeongea Kiswahili taratibu, akianza anasema, "Habari zenu," na mimi humjibu, "Nzuri," maana siwezi kusalimiwa nikanyamaza. Mwanzoni nilikuwa kichekesho. Mkao wa paka niliuweza, wa mbwa ulinishinda, nikidondoka binti ananiambia, "Mama, huyo mbwa wako amegongwa na gari," tunacheka mpaka tunakaa chini. Nikitaka kugusa vidole vya miguu mikono inaishia magotini. Lakini sikuacha, na kidogo kidogo mikono ikashuka, ikapita ugoko, ikafika kifundoni, mpaka ukabaki upana wa pindo la sketi tu, na Jumapili moja nikakaa mlangoni, nikachukua mkasi wangu mdogo wa nyuzi, nikajikata kucha mwenyewe, miguu yote miwili. Nililia, sikatai, lakini nilikuwa nimejaa fahari mpaka nikaenda sokoni na kandambili, nikitamani mtu aniangalie miguu.

Sasa shida yenyewe. Mwishoni mwa kila video kuna mkao wa kulala chali, mikono wazi, macho umefumba, hufanyi lolote, na mwalimu anauita mkao wa maiti, nami hujifunika shuka kwa sababu anasema mwili usipate baridi. Siku moja usingizi ukanipitia hapohapo. Wifi yangu, dada yake marehemu, ambaye anakaa mtaa wa pili, akampigia simu binti yangu, na binti alikuwa na mikono ya sabuni na hakutaka nizinduke, akakata, akajifuta kidole kimoja, akamwandikia, "Shangazi, mama amepumzika. Nitakupigia baadaye." Kisha akaiacha simu yake jikoni akaenda kuoga.

Nilishtushwa na kilio langoni, "Wifi yangu, umeniacha na nani!" na kabla sijajua niko wapi wifi alikuwa ameshaingia na majirani wawili, fundi viatu na mkewe, wakanikuta nimelala chini na shuka langu, basi nikainuka nikakaa, nikauliza, "Wifi, nani amefariki?" Fundi viatu alitoka mbio, fundi viatu mzima, akaacha kiatu. Na simu yangu pale kwenye pasi ilikuwa imejianzishia video nyingine, mwalimu akasema kwa upole wake, "Habari zenu," na mke wa fundi viatu akajibu, "Nzuri, mwanangu," huku anarudi kinyumenyume.

Mimi nilicheka. Wifi hakucheka. Alikaa sakafuni akashika kichwa, kisha akasema, "Siku aliyofariki kaka yangu mliniandikia hivihivi. Hivihivi!"

Binti akatoka bafuni na taulo, akasema, "Shangazi, nilimaanisha amelala, ni ule mkao wa maiti wa kwenye video zake."

"Na baba yako ulimaanisha nini?"

Binti akainama kukaza taulo lake. Ndipo wifi akanigeukia mimi. "Na wewe! Kaka yangu juzi tu tumemzika, unajilaza mkao wa maiti kwa raha zako, unajikunja mbele ya simu yake kama msichana. Chagua, hizo video zako au mimi. Hapa sikanyagi tena mpaka uziache."

Tangu hapo hajaja, na nikimpigia hapokei. Binti anasema, "Mwache, hasira zitamwisha," lakini mwanangu hajui kwamba wifi ndiye mtu pekee ninayeweza kumwambia, "Unazikumbuka zile chafya?" akaanza kucheka kabla sijamaliza, na nikimkosa yeye ni kama mume wangu nimempoteza tena. Nilijaribu kuacha yoga, mgongo ukaanza kurudia ubao wake, nikaogopa, sasa naifanya nimefunga mlango kwa komeo kama mwizi ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Je, niache ili nimpate wifi? Na nikuulize jingine ambalo linaniumiza zaidi, je, ni vibaya mjane kujiona na fahari mapema hivi?

Ni mimi,
Fundi wa cherehani


MAMA SIKIO ANAJIBU

Mama fundi,

Pole kwa msiba, na hongera kwa kucha. Nimekupa vyote viwili kwa pamoja makusudi, kwa sababu vyote ni vyako, na asije mtu akakwambia mpaka umalize kimoja ndiyo uruhusiwe kingine.

Lakini nina ugomvi na wewe. Habari ya kucha umeniandikia mimi nisiyekujua, tena gazetini, wakasome madereva na vinyozi, na dada wa damu wa mumeo hujamwambia! Yeye anajua nini? Anaona simu ya kaka yake inapiga muziki na mke wa kaka yake yuko chini ameinua miguu. Anadhani unatafuta kiuno cha kumwonyesha mume mwingine. Ungekuwa wewe ungefikiri nini?

Tena rudi uisome barua yako. Wifi hana vita na yoga. Mwanamke huyu ameletewa msiba mara mbili kwa maneno yaleyale, na mkono uleule wa binti yako, na mara ya kwanza ilikuwa kweli. Mara ya pili amekimbia kutoka mtaa wa pili akijua kwamba kaka hana na wifi hana, anafika, anakuona umefunikwa shuka, halafu unakaa unacheka. Mama, hata mimi ningenuna. Asiyekupenda angeandika "poleni", akamalizia kupika kwanza. Huyu alikulilia kuanzia langoni.

Sasa nisikilize vizuri.

Binti yako ndiye atangulie. Aende kwa miguu yake, asitume ujumbe, asipige simu, akamwombe shangazi radhi kwa ule ujumbe wa juzi na zaidi kwa ule wa kwanza. Mtu aliyefiwa na kaka huambiwa ana kwa ana, akiwa ameshikwa mkono. Najua na yeye siku hiyo alikuwa amefiwa na baba, hakujua afanye nini, na hilo pia akaliseme, shangazi yake atalielewa kuliko mtu mwingine yeyote. Na neno "amepumzika" nalo sasa lipumzike nyumbani kwenu. Mtu akilala, andikeni amelala. Ule mkao nao mpeni jina jingine, mwalimu wa kwenye simu hatajua wala hatakasirika.

Wewe nenda siku inayofuata. Usiende na hotuba ya kujitetea. Keti, vua viatu, mwonyeshe miguu, mwambie nani alikuwa akikukata hizo kucha kila Jumapili na nani anazikata sasa. Usimfiche kwamba ulikuwa ukivaa viatu vya kufunika kwenye jua kwa kuona haya. Atalia, mwache alie, na wewe lia naye. Halafu mwalike aje akae sebuleni wakati wa mazoezi yako. Akitaka kujaribu, aje na mkeka wake, na asipotaka akae kwenye kiti akucheke, maana nyumba yenu inahitaji kicheko chake. Komeo hilo lifungue leo.

Yoga usiache, hata akinuna mwezi mzima. Mgongo ni wako, na cherehani haitakuonea huruma. Ila maumivu yakianza kushuka mguuni, au ukihisi ganzi, simama hapohapo uende kwa daktari, kwa sababu mwalimu wako anazungumza vizuri lakini hakuoni.

Kuhusu fahari, nashangaa hata unauliza. Mumeo alikutunza mpaka siku yake ya mwisho, na leo unajitunza. Tembea na kandambili zako kifua mbele, na akikuuliza mtu unaringia nini, mwambie miguu.

Wifi akikataa kufungua mlango mara ya kwanza, usikae nyumbani kusikitika, rudi kesho yake, na kesho kutwa. Atafungua. Na siku mtakapokuwa mmelala chali kwenye mikeka yenu, wewe na yeye, wote wazima na mnapumua, mnikumbuke.

Mama Sikio