Dereva wa Kavugho

Mpendwa Senga Shamirah, shangazi wetu wa mashauri, naomba unisaidie kwa mambo mawili, moja kubwa na moja dogo. Mimi ni mtu wa Butembo kule Kongo, shule niliachia darasa la tano, hapa Kampala napakia magunia kwenye ghala moja la Bugolobi, na naishi Kisugu chumba kimoja na bibi yangu wa ndoa Kavugho, ambaye anakata video za arusi kwa kompyuta aliyonunua mwenyewe, na kazi hiyo ndiyo inatulisha siku ghala likikosa mzigo.

Jambo dogo ni hiyo kompyuta. Zamani ilikuwa nzima, ila tangu ijiongezee mambo mapya yenyewe kupitia intaneti, akianza tu kuunganisha picha za bibi arusi kioo kinakuwa cheusi, kinarudi, kinakuwa cheusi tena, halafu mashine inajizima na kazi inapotea. Mimi nikirudi naizima kabisa, maana inakaa juu ya godoro, feni yake inalia na mgongo wangu unataka usingizi.

Jambo kubwa ni kwamba juma lililopita nilikuwa nafua uani, Kavugho akawa anaongea na mwanaume, simu ameifungulia sauti, nikamsikia yule mwanaume akimwambia, "Huyo dereva mpya hakufai, ndiye anakuangusha. Mtoe, nikurudishie wa zamani, mlikuwa mnaelewana." Kavugho akajibu bila hata kushusha sauti, "Mlete kesho, mzee akishaenda kazini." Senga, mimi sijawahi kuendesha hata baiskeli, kwa hiyo dereva mpya si mimi na wa zamani si mimi, nikaona wanaume ni wawili na huyu wa simu ni kuwadi wao.

Kesho yake nikajifanya naenda kazini, nikasimama kwenye duka la mkaa, nikaona bwana mmoja wa kanzu anaingia kwangu na begi. Nikamfuata ndani nikamuuliza kwa upole kama yeye ndiye dereva. Akacheka. "Hapana, mzee, mimi ni Jibril. Dereva niko naye mfukoni." Akagusa na mfuko wa kanzu kabisa. Dharau hiyo ilinishinda kumeza, nikamshika nikamtoa nje, na Kavugho nikamwambia akusanye nguo zake arudi kwao. Aliniuliza kama namfukuza kwa sababu ya kompyuta, nikaona ananizungusha. Sasa yuko kwa jirani yetu Zulaika, anangoja basi la Jumamosi. Je, nimwache aende, au kwanza nimtafute huyo dereva wa zamani tuongee kama wanaume?

Muhindo, Kisugu

Muhindo, pole kwa mgongo, na pole zaidi kwa kichwa. Huna mambo mawili. Una moja, umeligawa mwenyewe.

Dereva wa kompyuta si mtu. Ni programu inayoongoza kadi ya picha, ile sehemu ya mashine inayochora unachokiona kwenye kioo. Mashine ilijiwekea dereva mpya isiyopatana na kadi yake, ndiyo maana kioo kinazimika. Jibril, fundi yuleyule wa simu, alitaka kuiondoa na kurudisha ile ya kwanza, nayo ilikuwa mfukoni kweli, ndani ya flashi. Bibi yako alimwita ukiwa kazini kwa sababu ukiwa nyumbani unaizima mashine. Hayo yote umeyaandika kwa mkono wako.

Sikulaumu kwa neno lenyewe. Sisi watu wa Kampala kitu tunakiita "yeye" na mtu tunamwita "hiyo". Jibril angesema dereva "imeharibika", ungeuliza ni nini. Alisema "huyo", nawe ukaona mtu mwenye kofia na masharubu. Lakini nani alikukataza kuuliza? Mwanamke anayepanga kukusaliti hafungulii simu sauti wakati mumewe yuko uani na beseni. Yeye alikuuliza swali la maana, ukamwonyesha mlango.

Jibril umwombe radhi, na arudi wewe ukiwepo, umshikie tochi. Aiwashe mashine katika hali salama, aiondoe dereva mpya pamoja na mabaki yake, aweke inayolingana na kadi, kisha aizuie mashine kujiongezea mambo bila ruhusa. Apulize na vumbi kwenye feni, na kompyuta isikae tena juu ya godoro. Kioo kikiendelea kuzimika baada ya hapo, kadi yenyewe inakufa, na hapo pia usimtoe mtu nje.

Lakini fundi ni wa baadaye. Leo hii nenda kwa Zulaika, kwa miguu yako, usitume mtu wala meseji. Usimweleze Kavugho ulivyosikia wala ulivyodhani. Mwombe msamaha, na umwombe kwa Kinande, lugha yenu ya Butembo. Kiswahili chako bado hakijakomaa kwa kazi hiyo.