Kikopo Chenye Jina Langu

Kamwene Bibi,

Nakuandikia kwa sababu kusema kunanishinda, unanijua. Mdogo wangu Eliya anakohoa, wiki ya tatu sasa. Shangazi anasema ni baridi ya Makambako, kama ulivyokuwa unasema wewe.

Siri yetu tulikuwa tunaijua mimi na wewe tu. Mwaka ule wa darasa la saba, watu wa afya walipokuja shuleni kutupima kifua kikuu, nilikuwa nimekonda na nina homa. Wakanipa kikopo chenye jina langu, niteme makohozi nikiamka. Nilikohoa mpaka machozi, hakikutoka kitu. Nikaogopa mwalimu ataniita mstarini mbele ya wote. Ukacheka: "Lete hapa mjukuu wangu, mimi ninayo ya kugawa." Ukatema. Nikapeleka.

Jibu likarudi kwamba nina TB.

Nilikuomba ukapimwe. Ukanishika mkono kwa nguvu: "Nani atanunua maandazi ya mtu wa TB? Wewe na Eliya mtakula nini?" Sikumwambia mtu. Nesi alipokuja kupima watu wa nyumbani, ukampa mate matupu.

Kila asubuhi nikakupa vidonge vyangu viwili. Nilijiona nina akili, Bibi. Ukapata nguvu, ukarudi hata kwaya. Miezi sita. Kwenye kadi wakaandika kwa Kiingereza kwamba nimepona, nikakusomea, ukapiga vigelegele. Halafu kikohozi kikarudi, na tukakuzika Mdandu.

Sikujua kwamba walikuwa wananipa vidonge kwa kilo zangu. Mtu mzima wa mwili wako anapewa vinne. Nilikuwa nakupa nusu.

Jana watu wa afya walikuwa shuleni kwa Eliya. Nikaacha kipindi, nikaenda. Nesi ni yule yule. Akasema, "Mgonjwa wangu, umenenepa, umemleta mdogo wako?" Nikasema zile dawa sikumeza mimi.

Akaweka kalamu chini. "Alimeza nani?"

Nikakutaja. Jina lote, na la ukoo.

Hakunigombeza. Alisema wadudu waliobaki kifuani mwako huenda walishazizoea zile dawa, na kama Eliya amewapata hao, dawa za kawaida hazitamsaidia. Makohozi yake yamepelekwa Njombe kwa kipimo kingine. Tunasubiri. Nami nimepimwa. Safari hii nimetema mwenyewe.

Mchana nesi alikuja nyumbani na fomu zake, majirani wakaona. Jioni maandazi ya Shangazi yalibaki beseni zima, tukala wenyewe. Shangazi hasemi na mimi.

Nisamehe kwa kukutaja, na kwa kuchelewa kukutaja.

Lala Bibi. Eliya akianza dawa, nitakaa mbele yake kila siku mpaka ameze, afungue mdomo, ainue ulimi nione. Akinichukia, anichukie akiwa hai.

Mjukuu wako,
Atu