Chupa Yenye Tulikunywa Mbele ya Kumuuliza Mignonne

Kolwezi, Manika, nyuma ya soko
Tarehe 15 Oktoba 2024

Mudogo wangu mupendwa Simone,

Jambo sana. Uko namna gani kule Liège? Ile goti yako ya kuume inakuachia kutembea? Baridi imeanza? Bwana yako René eko muzima, batoto banasoma muzuri? Mungu abachunge bote.

Sisi huku tuko, tunamushukuru Bwana. Muke wangu Jémima anakusalimia, eko na nguvu, na sauti yake unaijua. Mvua bado hata tone moja, vumbi ya makamyo imeingia mpaka mu masanduku ya nguo. Yaya Kalumba, mukubwa wetu, sasa anaikala kwetu. Nyumba yake ya Kasulo ilipasuka ukuta juu ya mashimo ya madini yenye balichimba chini, njo alihama na biti byake bine na redio.

Barua hii nitamupatia Mama Honorine, anapanda ndege Ijumaa. Usiniulize juu ya nini sikupiga telefone. Ku telefone utaanza kucheka mbele nimalize, na mi sasa sitaki mutu anicheke. Nataka mutu anielezee, juu kichwa yangu inazunguka tangu Jumamosi.

Unakumbuka ile kokteli yenye ulitufundisha Noeli ulipokuja, ya ndimu, machungwa na mente? Basi, njo yenyewe ilileta shida.

Jumamosi bazazi ya Hénock balitoka Lubudi kuja kumuomba mutoto wetu Mignonne kwa ndoa. Hénock unamujua ku picha, ule kijana murefu mwenye anatengeneza mamoto, pikipiki za bantu, hapa Manika. Jémima alikuwa na sufuria zake tangu asubui, bukari, mbuzi, sombe, jikoni yote inatoa moshi. Akaniambia, "Baba Mignonne, angalau weye shugulika na kinywaji." Angalau! Sawa vile maisha yangu yote nimelala. Nikasema mu roho, leo nitabaonyesha.

Mente nilichuma nyuma ya bafu, pale maji inamwangika, inaota yenyewe. Ndimu za soko zilikuwa ngumu sawa mawe, nikazikanda ku meza chini ya kiganja vile ulinionyesha, mpaka zikalegea. Sukari nikaiyeyusha na maji ya moto. Mente nikaiponda kidogo tu, juu ulisema ukiiponda sana inakuwa chungu. Nikaongeza machungwa, nikatia barafu. Nikaonja. Ilikuwa tamu, lakini imelala. Ilikosa ile kitu ya kuiamusha.

Nikafungua frigo. Chupa ya lutuku, ile pombe yetu kali ya mahindi, baridi, nyeupe sawa maji ya kisima! Nikasema, angalia bibi yangu, ananigombeza lakini amenifikiria. Nikamwanga. Weye ulisema kidogo tu. Mi nilimwanga yote, Simone.

Hakuna mwenye aliniambia kama ile chupa ilitoka kwa mama ya Hénock. Aliituma Ijumaa, imefungwa mu kitambaa mupya. Jémima alitosha kitambaa, akaitandika ku meza ya bageni, chupa akaiweka mu frigo. Yeye anasema aliniambia. Mi nasema hakuniambia. Mpaka leo hatujapatana.

Bageni balifika na vumbi mpaka ku kope. Unajua mwenye nyumba njo anaonja wa kwanza, bageni bapate roho ya kutulia. Nikasimama mbele ya bantu bote, nikakunywa kopo yangu mpaka chini. Yaya Kalumba akafuata, akaomba ya pili. Baba mudogo ya Hénock, Tata Sadrack, mwenye alikuja kusemea upande yao, akalamba midomo, akauliza kama huku Kolwezi siku hizi maji ya ndimu njo inakuwa hivi. Tukacheka bote. Mignonne alikuwa angali mu chumba, anajifunga kitenge.

Halafu Tata Sadrack akasimama, akakohoa. Akasema, sasa mulete ile chupa yenye tulituma, mwite mutoto, aulizwe. Jémima akaingia jikoni. Akakawia. Aliporudi alishika chupa ku shingo, haina kitu, na macho yake iko kwangu. Mi nikaangalia kopo yangu. Mama weee!

Weye unajua desturi yetu. Ile chupa haifunguliwe kama mutoto hajaulizwa kwanza, "Tukunywe ao tusikunywe?" Akiitika, baba anakunywa, na mambo imekwisha. Sasa baba amekunywa na hakuna mwenye aliulizwa.

Yaya Kalumba akapiga meza. "Mambo imeisha! Baba amekunywa mbele ya bantu. Maji ikimwangika haizoleke!" Tata Sadrack akasema ni kweli. Bamama bakapiga bigelegele. Hénock akapiga makofi, akatosha telefone, akaanza kupiga picha. Mi nilikuwa nacheka na meno inje.

Mignonne akatoka juu ya ile kelele, amevaa kitenge yake mupya. Akauliza mama yake, "Nani ameulizwa?" Bamama balimuweka katikati ya picha.

Tangu ile siku sielewi kitu. Nilimutoa mutoto, ao niligawa maji ya ndimu? Yaya Kalumba anasema desturi haiulize tumbo kama ilijua. Naona eko na haki. Katekista anasema mutu mwenye hajui hajafanya kitu. Naye naona eko na haki. Jémima anasema mutoto alimupenda kijana, wiki muzima alikuwa anaimba, sasa shida iko wapi? Aye, hata yeye eko na haki! Kila mutu akisema namuitika, njo pale najua kama sijaelewa hata kimoja.

Lakini Mignonne hakuimba tena. Anapika, anasalimia, anaenda ku kazi yake ya farmasi. Hénock akipiga telefone, anaiacha inalia.

Jana nilishindwa. Nikamuita, akaikala mbele yangu na mama yake na Yaya Kalumba, nikamuuliza sawa vile inapaswa. "Mignonne, mwana wangu, tukunywe ao tusikunywe?"

Yaya Kalumba akaruka. "Unauliza nini? Chupa haina kitu!"

Nikamwambia, "Yaya, na heshima yote, nyamaza kwanza."

Mignonne aliangalia mikono yake. Akasema, "Papa, Jumamosi ningeitika. Nilikuwa mbele ya kioo, najifunza vile nitaisema. Lakini Hénock alijua sijaulizwa. Alijua, akapiga makofi. Basi hapana. Musikunywe."

Yaya Kalumba alitoka na kufunga mulango kwa nguvu. Jémima alilia. Mi nilisikia haya mpaka ku masikio, na nilisikia furaha juu ya ule mutoto, yote mara moja, na sijui niweke gani mbele.

Jumamosi ya wiki inayokuja nitaenda Lubudi na chupa ingine, haijafunguliwa, kubarudishia. Yaya Kalumba anakataa kunisindikiza, anasema nitauza jina ya ukoo. Sijui kama bataipokea, ao batanifukuza, ao bataifungua baseme sasa baba amekubali mara mbili! Weye njo shangazi yake. Haki ya kusimama nyuma yake iko yako. Ukisoma hii, unipigie, hata ukicheka kwanza. Niambie maneno ya kusema ku mulango ya bantu benye tulikula nabo.

Umusalimie René sana, na batoto bako bote. Jémima anasema uvae soksi. Mungu akufunike na mukono yake mu ile baridi.

Mbele nifunge barua, nilimuuliza Mignonne kama eko na neno ya kumupelekea Hénock. Akasema, "Mwambie hata yeye angeweza kuniuliza."

Ni mi, kaka yako mwenye kukupenda na kichwa yenye kuchafuka,

Tharcisse