Kwa Mama Betha Kaupa, Aliyebaki Darajani

Mwaka umetimia, Mama, tangu wakuue pale darajani kwenye njia ya Kundiawa, saa nne asubuhi, watu wakitazama.

Ulikuwa muuza viazi vitamu. Kwa miaka kumi na moja ulikuwa pia katika mtandao wa akina mama wa nyanda za juu, mikoa mitano, wanaopokezana na kuwaficha watu walioitwa wachawi kabla hawajachomwa. Simu yako hukuizima hata kanisani. Mjomba Gabi alikuwa akikusema: "Dada, hao si ndugu zako. Achana nao." Ukamjibu: "Na wewe ulikuwa ndugu yangu ulipokuwa ukinikojolea kitanda?"

Siku ile vijana walimfunga Klara, mjane, wakidai amemla mumewe moyo. Ukawapigia polisi.

"Gari halina mafuta, mama. Jaribu kesho."

"Kesho mtakuja kubeba maiti. Hiyo haitaki mafuta?"

Wakakata simu.

Ukaenda mwenyewe. Ukamfungua kamba huku vijana hao wakigombania pombe, mkakimbia hadi darajani, ambako Rute, mwenzako wa mtandao kutoka Goroka, alikuwa akingoja na gari. Rute akasema, "Panda nawe."

"Wako nyuma yetu na pikapu. Nitawachelewesha. Endesha, Rute."

Ukasimama katikati ya daraja lile jembamba, mikono umeitanua.

Polisi walifika siku ya tatu. Wiki iliyofuata ukoo wa wauaji ulipoleta nguruwe kumi na wawili wa fidia, mafuta yalipatikana, polisi walikuja kula. Mjomba Gabi, yuleyule, alizikata kamba za nguruwe akawafukuza hadi barabarani. "Dada yangu hana bei," akasema.

Wanaume watatu waliokukata mapanga wanatafuna popoo sokoni mpaka leo. Mnaosoma tangazo hili mnawajua. Mlikuwepo. Mmoja wenu alikuwa akipiga picha.

Klara yu hai. Mtandao umemficha mbali, na mara tatu umemleta mahakamani kutoa ushahidi. Mara tatu kesi imeahirishwa. Karani alimwuliza kama hajachoka. "Nimechoka sana," alisema. "Tarehe nyingine ni lini?"

Ni Alhamisi ijayo. Tutakuwepo naye.

Unakumbukwa na wanao Jenifa, Tobias na Wandi, kaka yako Gabi, dada yako Anna, wajukuu, Klara, na akina mama wa mikoa mitano.

Hutatutoka moyoni, Mama. Nao waliokuua hawatatutoka machoni.